Mwalimu wa Pumba na Chumvi ya Uvinza

Mtu akitaka kunikasirisha asubuhi, kabla sijafungua hata kufuli la duka, aniambie tu kwamba Tabora hakuna wataalamu. Wapo wanaosema hivyo. Wanasimama dukani kwangu hapa Kanyenye, wanashika taa ya sola iliyovuka bahari, betri yake imechoka kabla haijatoka kwenye boksi, halafu wananiambia, "Mama Sola, sisi huku tutaweza nini?" Nawauzia, kwa sababu nina watoto wanaokula. Lakini moyoni nachemka, kwa kuwa nimemfahamu mtu mmoja ambaye aliweza, na nikaona alivyofanyiwa.

Jina lake silitaji. Mwenyewe alinikataza. "Ukiandika jina watasema ni mambo ya yule mama," aliniambia. "Andika kazi." Basi hapa ataitwa Mwalimu, kama tulivyomwita sote tuliosoma kemia kwake sekondari, na kama anavyoitwa mpaka leo katika mtaa wa Ng'ambo anakoishi, hata na watu ambao hawakuvuka geti la shule.

Usimfikirie bibi mpole. Mwalimu hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa reli, na miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi ambao aliuona imara kuliko mkono wa miwani wenyewe. Kwaya ya Moravian ilimvumilia kwa sababu sauti yake ya pili iliwashika wengine wasipotee, ingawa kila mazoezi aligombana na mwalimu wa kwaya kuhusu kasi ya wimbo. "Unatukimbiza kama tunafukuzwa na nyuki!" alimpigia kelele, na yule bwana wa watu, mzee wa kanisa kabisa, akapunguza.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na sufuria za watu. Aingie nyumba yoyote, awe amealikwa au amepita tu kusalimia, lazima ataenda jikoni na kufunua mfuniko. Akikuta wali umejazwa mpaka ukingoni, basi utasikia: "Mmejaza mno hapa. Kinachovimba kiachie nafasi!" Wanawake wenzangu walimchukia kwa hilo. Mama mkwe wangu alishawahi kumwambia, "Mwalimu, hii si maabara yako," naye akajibu, "Sufuria zote ni maabara, mama. Tofauti ni kwamba yako unaila."

Maneno hayo ya kuacha nafasi ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya maisha, na sisi darasani hatukujua. Tulidhani anatufundisha kupika.

Alianza kwa kutuonyesha betri ya simu iliyotuna, zile zinazonyanyua mfuniko wa nyuma mpaka simu haifungi. Akasema ndani ya betri kuna upande unaopokea chaji, na siku hizi upande huo hutengenezwa kwa grafiti, ndugu yake ncha ya penseli. Lakini kuna kitu kinachoweza kubeba chaji nyingi kuliko grafiti, mara nyingi zaidi, nacho ni silikoni. Sasa mbona hawaitumii tu? Kwa sababu silikoni ikipokea chaji huvimba vibaya sana, na ikiitoa hunywea. Inavimba, inanywea, inavimba, inanywea, mwisho inapasuka vipande na betri inakufa.

"Mchele ukijazwa sufuria tele, unafanya nini?" akauliza.

"Unamwagika, Mwalimu!"

"Basi tufanyeje?"

Tukaimba wote, "Kiachie nafasi!" Msichana aliyetangulia kuelewa, kwamba silikoni yenyewe inabidi iwe na vitundu ndani, vidogo kuliko chochote ambacho darubini ya shule ingeonyesha, ili inapovimba ivimbie ndani mwake, huyo aliitwa mbele akalambishwa kijiko cha asali. Mwalimu alikuwa na chupa ya asali ya miombo juu ya kabati la kemikali. Hakumpa mtu asali kwa kukariri. Ukikariri alikuambia, "Kasuku hali asali," na urudi ukakae.

Na vitundu hivyo unavipata wapi? Hapa ndipo watu walipoanza kumcheka. Mwalimu alisema vipo kwenye pumba za mpunga, yale maganda makavu yanayomwagwa nyuma ya mashine za kukoboa. Mpunga unakunywa mchanga ulioyeyuka kutoka ardhini na kuujenga ndani ya ganda lake, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta. Nenda Nzega, nenda Igunga, utaona vilima vya pumba vikifuka moshi kando ya barabara, moshi wa kukwangua koo, hakuna anayevitaka. Mwalimu alipita pale akaona nyumba zilizokwisha kujengwa zinachomwa moto.

Alizichukua kwa magunia. Mwenye mashine ya kukoboa hapa Kanyenye alimwachia kwa furaha, maana alikuwa anasumbuliwa na majirani kwa ajili ya moshi. Mwalimu aliziosha kwa maji ya ndimu, kwa kuwa asidi ya shule ilikuwa ya kuomba kama mvua, kisha akazichoma polepole katika tanuri la matofali alilolijenga mwenyewe nyuma ya maabara, hadi zikawa majivu meupe. Akayachanganya majivu na unga wa magnesi, akafunga ndani ya chombo cha chuma, akarudisha motoni. Akishaosha tena, alibaki na unga wa kahawia, mwepesi, ukadhani ni kahawa ya kusaga. Ile ndiyo silikoni.

Nimeruka kitu, na nimekiruka makusudi, maana hata wakubwa walikiruka. Kabla ya kufunga kile chombo, Mwalimu aliweka chumvi. Chumvi nyingi, na si ya dukani, alitaka ya Uvinza, kule Kigoma. Majivu na magnesi vikishikana motoni huwaka ghafla kwa joto kali mno, na joto lile linayeyusha vyumba vyote ambavyo mpunga umejenga. Chumvi inalimeza joto. Halafu unaiosha kwa maji, inaondoka, na pale ilipokuwa imekaa panabaki nafasi. Kwa kweli chumvi yoyote safi ingefaa, nadhani hata yeye alijua. Lakini alisema chumvi ya Uvinza imekuwa ikipita Tabora vichwani mwa watu tangu enzi za misafara, na kwa mara moja tu anataka ifike hapa ipumzike, ifanye kazi hapa hapa.

Hilo la misafara lilikuwa donda lake. Tabora tunapenda kujisifu. Mgeni akija tunamwonyesha njia ile ya zamani, tunamwambia Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi hodari kutoka ziwani mpaka pwani. Mwalimu akisikia hivyo anatoka nje. "Mnajivunia nini?" alinifokea siku moja nilipojaribu. "Pembe za ndovu zilikwenda, zikachongwa huko, zikauzwa huko. Sisi mpaka leo tunasifiwa shingo!" Asali inatoka hapa kwa mapipa, mbichi. Tumbaku mbichi. Pamba mbichi. Alikuwa akivitaja akikunja kidole kwa kidole, na mkono ulipojaa aliupiga juu ya meza.

Ila sasa nisimpake mafuta. Huyo huyo aliyekataza kitu chochote kutoka Tabora kikiwa kibichi, watoto wake wote aliwapeleka Dar es Salaam wakiwa bado wadogo, na hakuna aliyerudi. Nilimuuliza, kwani hao si mzigo? Akanifukuza kwake. Nikarudi baada ya siku kadhaa na papai, akapokea papai bila kugusia swali. Na huyo aliyehubiri kuacha nafasi hakumwachia mtu nafasi hata chembe. Ukianza sentensi anaimalizia yeye. Foleni ya maji haiwezi. Mwanafunzi akisimama kutafuta jibu, kabla hajameza mate ameshaambiwa "Kaa!" Mimi nilikaa mara nyingi, na baadhi ya mara hizo nilikuwa na jibu.

Pamoja na hayo yote, kazi yake ilitoa matunda. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, aliyekuwa chuo chenye vifaa, alimuundia kibetri cha mviringo, ukubwa wa kitufe cha koti, chenye ule unga wa kahawia ndani. Siku ya maonyesho ya sayansi pale shuleni Mwalimu alikiunganisha na taa ndogo nyekundu. Ikawaka. Wasichana walipiga vigelegele hadi mwenye mashine ya kukoboa, aliyealikwa kwa heshima ya pumba zake, akatoa kitambaa akajifuta macho. "Hivi vitu vyangu?" alikuwa anarudia. "Hivi vitu nilivyokuwa navichoma?"

Sasa siku hiyo alikuwapo mgeni kutoka taasisi moja kubwa huko Dar, mtu mwenye udaktari wa mambo ya betri. Nitamwita Daktari. Kijana wa makamo, mcheshi, shati limepigwa pasi hadi linalia. Alipojitambulisha kuwa ni Mzaramo, ukumbi mzima ukacheka kabla hajasema la pili, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wenyewe ulizaliwa katika njia hii hii ya misafara, babu zetu walipofika kwao na mizigo wakiwa hoi. Mtani anaweza kukutukana msibani ukacheka. Anaweza kuingia bandani akashika kuku wako, akasema "Nimeteka!", naye ameshateka. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Basi Daktari akamsogelea Mwalimu, akachukua lile kopo la unga wa kahawia kutoka mezani, kazi ya miaka, akalinyanyua juu. "Mtani, hili nimeteka!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, nani hakucheka? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mwalimu anameza neno. Akasema tu, "Haya mtani. Lakini ukitengeneza mwingine, usisahau chumvi."

"Chumvi!" Daktari akageukia watu. "Jamani, bibi huyu anadhani tunapika mchuzi!"

Wakacheka tena. Na akaondoka na kopo, na magunia ya pumba juu ya gari, na hakuna aliyemzuia. Hebu niambieni, huo ni utani? Kuku ni kuku. Ukiteka kuku, kesho nami nitakuja kwako kuteka mbuzi, tumemaliza. Ila kumchukulia mtu kazi ya maisha yake mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake, na kumfunga mdomo kwa mila yake mwenyewe, huo ni wizi uliovaa kanzu. Nalisema na sitalirudisha.

Laiti angeishia hapo. Baada ya muda mrefu alirudi, ukumbi ule ule wa shule, safari hii na picha za ukutani. Akaeleza, kwa upole mwingi, kwamba taasisi yake imejaribu pumba za Tabora kwa mashine za kisasa, na silikoni yake ilivimba ikapasuka mapema kabisa, betri zikafa. Kwa hiyo pumba za Tabora hazifai. Akashukuru wenyeji kwa ukarimu. Mwalimu alisimama pale nyuma akauliza kwa sauti yake ile, "Mliweka chumvi?" Mwendesha mkutano akasema maswali yatachukuliwa mwishoni, na mwishoni kukawa na soda.

Kwa sentensi ile moja mambo yalianguka kama nyumba ya udongo kwenye mvua. Shule, ambayo haikuwa imemnunulia hata kiberiti, ghafla ikaona tanuri lake ni hatari. Likabomolewa, na matofali yakajengewa banda la kuku. Mwenye mashine ya kukoboa akarudi kuchoma pumba zake. "Nifanyeje, Mwalimu? Wataalamu wamesema," alimwambia. Mtaani wakapata jina la kumpa: Mwalimu wa Pumba. Unajua mtu akisema pumba maana yake nini. Wasichana waliokuwa wakipiga vigelegele wakaanza kuulizwa na kaka zao, "Bado mnafundishwa pumba?"

Nililia kwa hasira. Nilimwambia twende redioni, twende kwa mkuu wa mkoa, twende popote. Akasema hataki redio. Alitaka jambo moja tu katika dunia hii, na kila aliyekaa naye alilijua: ile kauli irudishwe pale pale iliposemewa, kwa mdomo ule ule, na tanuri lisimame tena. "Nikifa ikiwa imebaki hivyo," aliniambia, "kila mtoto wa hapa atakayeokota pumba ataambiwa iache, ilishapimwa." Hakulia. Akasimama akaenda kuosha makopo yake matupu ambayo yalikuwa safi.

Akastaafu. Kwenye kwaya akanyamaza, akawa anaimba tu anachoambiwa kwa kasi anayoambiwa, na mwalimu wa kwaya akaja kwangu dukani akiwa na wasiwasi. "Mama Sola, Mwalimu anaumwa? Leo nimekimbiza wimbo makusudi, hakusema kitu." Majirani wakasema afadhali, siku hizi hafunui sufuria. Afadhali! Watu wana roho.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi alasiri, nimempelekea Mwalimu taa iliyorekebishwa. Amekaa barazani kwake Ng'ambo, amejifunga kanga, anachambua maharage. Gari jeupe likasimama. Akashuka Daktari. Mvi zimeanza pembeni, na shati siku hiyo halikuwa na pasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu kiti, mtani."

Mimi sikumsalimia. Alikaa, akaweka ufunguo wa gari mezani, akapokea chai, na akazunguka sana. Habari za afya, habari za mvua. Mwisho akasema. Walipokuwa wanahamisha maabara waliona mashine moja ya zamani, ile inayochaji betri na kumaliza chaji, inachaji na kumaliza, bado inafanya kazi. Ndani yake kulikuwa na vibetri vilivyoundwa kwa unga wa lile kopo la Mwalimu. Vyao, vilivyotengenezwa bila chumvi, vilikufa vyote. Vya Mwalimu vilikuwa bado vinashika chaji.

Nikasimama. "Umelijua lini hili?"

"Mama, tafadhali..."

"Nimekuuliza lini!"

"Mwaka jana," akasema kwa chini.

"Mwaka jana! Mwaka mzima watu wanamwita huyu mama Mwalimu wa Pumba, na wewe umekaa na jibu kabatini? Huoni hata haya? Ungekuwa wewe umekosewa ungesubiri mwaka?" Nikasema na mengine ambayo Mmoraviani hapaswi kuyasema, na siyajutii. Yeye hakujitetea. Alisema alikuwa anatafuta namna. Namna gani, jamani? Mdomo anao, na barabara siku hizi ni ya lami.

Mwalimu aliendelea kuchambua maharage. "Sasa umekuja kutaka nini?" akauliza.

"Nimekuja kuomba unga mwingine, Mwalimu. Hata kijiko. Na utuonyeshe chumvi ulikuwa unaiweka kiasi gani. Nirudi nao Dar, turekebishe."

Nikamwona Mwalimu anakung'uta mikono. Akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono mezani, akachukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akayakaza kwa meno.

"Mtani," akasema, "huu nimeteka."

Daktari akacheka. Akacheka peke yake kidogo, kisha akaacha. Alitazama lile fundo, akanitazama mimi, nami nikamkodolea macho. Mila ni mila. Angekasirika, aibu ingekuwa yake hadi kwao Uzaramo.

"Unga wangu uliuchukua kwa utani," Mwalimu akasema. "Mimi sikukasirika, nilijizuia mpaka nikaumwa. Sasa na wewe jizuie. Jumatatu asubuhi shule ina mkutano wa wanafunzi wote. Maneno uliyoyasemea pale utayarudishia pale. Mengine baadaye."

"Jumatatu nina kikao, Mwalimu."

"Kipo. Ni hicho."

Jumapili Mwalimu alimpeleka Daktari kanisani, akakaa naye badala ya kukaa na kwaya. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, na ilipofika zamu ya kwaya nikamsikia Mwalimu akiruka kutoka kwenye kiti, "Unatukimbiza!" Mwalimu wa kwaya akageuka, uso wote umefunguka, akasema "Wabeja, Mwalimu, wabeja sana," yaani anamshukuru kwa kufokewa. Wimbo ukapunguzwa.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Walikuwapo wasichana, walimu, mkuu wa shule ambaye alikuwa anatazama viatu vyake, na mwenye mashine ya kukoboa niliyemfuata mwenyewe kwake asubuhi na kumwambia afunge mashine aje. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, pindo la kanga mkononi. Daktari akapanda jukwaani bila picha za ukutani.

"Nilisimama hapa nikasema pumba za Tabora hazifai," akasema. "Nilikosea. Zinafaa. Mwalimu wenu alituambia tuweke chumvi, sisi tukaiacha, ndiyo maana betri zetu zilikufa. Za kwake bado zinafanya kazi."

Mwenye mashine ya kukoboa akatoa kitambaa chake. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akasimama, akauliza kwa adabu kabisa:

"Samahani Daktari, kwa nini mliiacha?"

Daktari akageukia ukuta, ambao safari hii haukuwa na picha. Mkuu wa shule akainuka haraka kuokoa jahazi, akaanza, "Nadhani mgeni wetu amechoka na safari..."

"Kaa!" Mwalimu akamwambia. Naye akakaa, mtu mzima na tai yake. Mwalimu hakugeuka hata kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Daktari, na sauti aliyoitumia sikuwahi kuisikia kwake miaka yote niliyomjua. "Mwacheni. Mwachieni nafasi, atajibu."

Tukangoja. Mwalimu yule ambaye hakumsubiri mtu amalize sentensi alikaa pale mikono mapajani akangoja, nasi tukangoja naye, ukumbi mzima, hadi unasikia kuku wa shule nje wanaparua kwenye banda lao la matofali ya tanuri.

"Kwa sababu ni yeye aliyesema," Daktari akajibu mwisho. "Ingesemwa na mtu wa kwetu, au wa ng'ambo ya bahari, tungeiweka."

Msichana akasema asante, akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa vizuri hivyo.

Daktari akashuka, akaja moja kwa moja mstari wa mbele, akainama kidogo, akanyoosha kiganja. Mwalimu akalifungua fundo la kwanza. Akalifungua la pili. Ufunguo ukaonekana, na mimi nikasema moyoni basi, yamekwisha, anampa, ataondoka na watu watasema mambo yameisha vizuri.

Mwalimu akautazama ufunguo, akatazama dirishani kule kwenye banda la kuku, kisha akaufunga tena, mafundo mawili, akakaza kwa meno.

"Na tanuri?" akasema.